Fungua Faili Kabla ya Kulifuta

Nakumbuka siku stima ilipokatika Kisauni, mwishoni mwa miaka ya tisini, kaka yangu Omari akiwa ndiyo kwanza amemaliza kuhamishia sauti ya marehemu baba kwenye kompyuta. Kaseti yenyewe ilikuwa imeliwa na ukungu. Ilicheza mara ile moja, utepe ukakatika.

Stima iliporudi, mashine iliviokota vipande vya mafaili yaliyovurugika, ikavipa majina ya nambari, vyote vikiishia kwa herufi tatu zile zile. Mimi nilikuwa nasomea kompyuta chuoni.

"Kaka, majina hayo hayatuambii kitu," nikamwambia. "Faili la sauti kama lile ndani huanza kwa herufi R, I, F, F. Niachie mpaka jioni, nitaandika programu isome mwanzo wa kila moja."

Omari alikuwa na duka la kuchapa kadi za harusi, na diski ilikuwa imejaa.

"Zuhura, hizo herufi tatu ni alama ya takataka. Mambo ya chuoni yaache chuoni."

Nilipoondoka aliandika amri ya mstari mmoja: kila chenye herufi zile, futa. Kisha akajaza kadi za watu mahali palepale vilipokuwa. Niliporudi hapakuwa na cha kuokoa.

Ijumaa mama akaja kuisikiliza sauti ya mumewe, amejifunga leso mpya, akaketi mbele ya mashine kama aliyealikwa. Omari akamweleza. Mama akamgeukia.

"Uliangalia ndani?"

"Sikuangalia, mama. Jina lake lilikuwa la takataka."

"Hata maiti hufunuliwa uso kabla hajazikwa, Omari. Babako hukumfunua."

Akahamia Likoni kwa dadake, na chakula cha nyumba ya Omari hakukionja tena hadi alipofariki. Mimi na Omari huamkiana Idi kwa Idi. Sijamsamehe, mwanangu, wala uzee haujanisaidia.

Sasa nawe unaandika programu zinazopokea mafaili ya watu, nami naona unavyokata jina, ukatazama herufi za mwisho, ukaamua. Wallahi, huwa namwona Omari. Jina huandikwa na yeyote, na mashine nayo hukosea. Lifungue faili, soma baiti zake za mwanzo, kama zile herufi nne za faili la sauti, uzilinganishe na alama unazozijua. Jina likisema hivi na ndani kukasema vingine, shika ya ndani, ingawa nayo pia uihakiki, maana mwanzo mzuri hauhakikishi kuwa lililobaki ni zima. Usipolitambua, programu yako iseme haijui, iliweke kando. Isifute. Kusema hujui hakujamnyima mjane sauti ya mumewe.

Mola akupe subira ya kutazama, mwanangu, na akuepushe na mama atakayeketi mbele yako kuuliza kitu ambacho huwezi tena kumrudishia.