Saa Nane Aliyomwachia Mama

Watu husema nina kinyongo. Ninacho. Niliishia darasa la nne, nimejenga nyumba za wenye digrii, na hakuna aliyenishika mkono. Lakini yuko kijana mmoja wa kwetu milimani ambaye sijamsamehe, wala sitafuti kumsamehe.

Miaka ya hamsini alikuwa chuo kikuu, ng'ambo ya mpaka, akisoma fizikia. Kila likizo alirudi kijijini kwetu Mkuyuni kutufundisha hesabu na sayansi sisi wa darasa la nne, bure, kwenye banda la soko siku isiyo ya gulio. Sitasema uongo, alijua kufundisha. Alifunga jiwe kwa uzi, akalining'iniza kwenye boriti, tukahesabu linavyokwenda na kurudi. Ulisukume sana, ulisukume kidogo, muda ni ule ule. Nilikodoa macho. Alivua saa yake ya mkononi tupimie.

"Saa ngapi sasa?" aliniuliza.

"Saa tatu, mwalimu."

"Mshale mfupi uko wapi?"

"Kwenye tisa."

"Sasa hiyo tatu umeitoa kwenye kibindo cha bibi yako?" Wenzangu wakaangua kicheko. "Kwangu mshale unasomwa pale ulipo. Saa zenu za majogoo ziacheni huko huko."

Tukazoea. Bandani ikawa saa tisa. Tukifika nyumbani, saa tatu.

Wakati huo nilikuwa nangojea mtihani wa kuingia shule ya kati mjini. Nafasi zilikuwa chache, na ukikosa siku hiyo, basi, shika jembe. Barua ilikuja kwa Kiingereza, shuleni wakampa yeye atuletee na kutusomea. Mimi nilikuwa shamba. Akamkuta mama anamenya mihogo mlangoni.

"Shikamoo mama. Mwambie mtoto mtihani ni kesho kutwa, saa nane. Asichelewe."

"Marahaba baba. Saa nane. Mungu akuzidishie."

Akaenda zake, barua mfukoni.

Niliporudi nikauliza, "Saa nane ya mchana, mama?"

"Sasa ya usiku? Kwani wanatahini wachawi?"

Nikacheka naye. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo, maana mimi ndiye niliyekaa bandani kwake, si mama.

Siku yenyewe nilitoka jogoo wa kwanza, kwa miguu, na kalamu mbili za risasi. Nikaingia mjini adhuhuri inaadhiniwa, najisifu nimewahi. Nikanawa miguu bombani mtaa wa Mwembesongo ili nisiingie na vumbi. Shuleni nikamkuta mzee mmoja anafagia chumba.

"Wenzako wameanza saa mbili asubuhi," akasema. "Wameshaondoka."

Mwalimu mkuu alitoka, akaitazama miguu yangu, akasema njia ni ile ile niliyojia.

Yule msomi alipokuja nyumbani, mama alimwahi kabla sijafungua mdomo. "Nisamehe baba, nilisikia vibaya."

Neno moja tu lilitakiwa: hapana mama, kosa ni langu. Hakulisema. Alisema, "Siku nyingine muwe mnasikiliza. Mtoto mwenyewe nimemfundisha saa."

Mama yangu akaomba radhi kwa kosa la mtu mwingine, na akaingia kaburini akiamini ni yeye aliyeninyima shule. Kila nilipomwambia si yeye, alisema, "Masikio yangu, mwanangu." Hilo ndilo siwezi kulimeza. Shule nimeshailipa kwa mikono yangu.

Nilijifunza uashi. Timazi ni jiwe lake lile lile kwenye uzi, na ukuta wangu haujapinda hata mmoja. Miaka ikapita, yule msomi akawa mtu mkubwa, akaniita nimjengee nyumba mjini. Hakunikumbuka. Akanionyesha kiwanja, akanipa mkono.

"Basi fundi, njoo kesho saa mbili asubuhi tuanze."

Saa mbili. Asubuhi. Kwa fundi wake ulimi haukumkwama.

"Saa nane siwezi," nikamwambia, nikakunja uzi wangu.

"Fundi, nimesema saa mbili."

"Sasa ndiyo umejua. Tafuta fundi mwingine."