Kilomita Kumi na Saba za Barabara ya Tindara

Glenys Tarrant alikuwa na miaka hamsini na tisa, na ishirini na mitatu kati ya hiyo aliimaliza juu ya greda. Alichonga barabara za vumbi za halmashauri ya Mullawarra, magharibi mwa Queensland, mahali ambapo kutoka nyumba hadi nyumba unaweza kunywa chupa nzima ya chai na usifike. Wiki tatu kwa mwezi alilala kwenye kibanda cha magurudumu kilichoburutwa nyuma ya greda, akila nyama ya kondoo ya kukaanga asubuhi na jioni. Mumewe alivumilia miaka sita, kisha akasema yeye alioa mke, hakuoa vumbi, akaenda zake. Glenys hakumlaumu. Barabara aliijua kwa makalio: akikaa kitini, hata macho yakiwa mbali, alijua wapi changarawe imeisha na wapi maji yameanza kula.

Kazi alifundishwa na Bevan Schirmer, mtu mrefu mwenye bega bovu na maneno machache. Ukitaka kujua, madereva wa greda hutambuana kwa kazi zao kama walimu wanavyotambua miandiko ya wanafunzi. Bevan alikuwa na alama yake. Kila mtaro wa kutolea maji pembeni aliumalizia kwa kuukunja kidogo kushoto, kama mkia wa mbwa aliyelala, ili maji yatawanyike yasichimbe korongo. Glenys alijaribu miaka mingi kuukunja hivyo akashindwa. Bega zima halikuweza kufanya kile ambacho bega bovu lilikifanya.

Bevan alifia kazini miaka minne iliyopita, kilomita ya kumi na saba ya barabara ya Tindara. Moyo ulisimama, greda halikusimama. Lilijiendea polepole, kisu chake cha kuchongea kikiwa chini, mpaka likaegemea uzio. Glenys ndiye aliyemkuta, mkate wenye nyama ukiwa mapajani, umeng'atwa mara moja tu.

Mwaka uliofuata, halmashauri ikaanza kugawa kazi zake. Madiwani saba, wakazi wasiofika mia nane, barabara kilomita elfu mbili. Ungewauliza, wangekuambia hesabu haikubali. Walianza na mapipa ya taka, wakampa mkandarasi mmoja. Nyasi za makaburini akapewa mwingine. Mwisho barabara zenyewe zikatangazwa zabuni, na kampuni moja ya pwani ikashinda. Ijumaa Glenys alishuka kwenye greda akiwa mtumishi wa halmashauri. Jumatatu akapanda greda lile lile akiwa mtu wa kampuni. Kilichobadilika ni kibandiko mlangoni, na kijisanduku cheusi chini ya kiti kilichokuwa kikitoa taarifa pwani kila kisu kilipogusa ardhi.

Mkataba ulikuwa na orodha ya barabara, na barabara iliingia kwenye orodha kwa idadi ya nyumba zenye watu. Nani alizihesabu hizo nyumba? Hapo ndipo utakapocheka kama una moyo wa kucheka. Kampuni ya barabara ilichukua hesabu kwa mkandarasi wa mapipa: penye pipa pana watu. Sasa mwisho wa barabara ya Tindara, kilomita arobaini na moja ndani, waliishi Athol Prewett na mkewe Una. Gari la taka halikuwahi kuiacha lami kuwafuata, kwa hiyo Athol, mzee mwaminifu kupita kiasi, alilirudisha pipa lake mjini, ameliosha kabisa, asije akawanyima wengine. Kwenye karatasi, Tindara ikawa haina mtu. Asiyekuwapo na lake halipo.

Glenys alipiga simu pwani mwezi wa kwanza tu. Msimamizi aliitwa Brody, kijana mwenye adabu, hakuwahi kulikanyaga vumbi la Mullawarra.

"Brody, kule Tindara kuna wazee wawili. Nimekunywa chai kwao juzi tu."

"Nakuelewa, Glenys. Lakini kwenye mfumo hapana mtu."

"Mfumo umewahi kunywa chai yao?"

Akacheka kwa heshima. "Halmashauri ikileta badiliko la mkataba, mimi nitakuwa wa kwanza kukutuma. Ila usishushe kisu nje ya orodha. Wakikuona kwenye skrini, siwezi kukutetea. Na wewe umebakiza miaka michache tu ustaafu."

Diwani aliyemwendea alimwambia suala liko kwa kampuni. Kwa hiyo Glenys akanyamaza. Hilo lilimkera kuliko yote, kwamba alinyamaza, na kwamba kunyamaza hakukuwa kugumu.

Misimu miwili ya mvua ilipita juu ya Tindara bila kisu. Kilomita ya ishirini na mbili maji yakakata korongo la kumfikia mtu kiunoni. Gari la Athol likavunjika ekseli pale pale. Kiwanja chao kidogo cha ndege kilishamezwa na vichaka. Mwishoni mwa mwaka wa tatu, moyo wa Una ukaanza kumwelemea, na nesi wa zahanati, mwanamke mnene aitwaye Maree, akatamka wazi kwamba mama huyu afikishwe hospitali kabla ya mvua. Udongo mweusi ukishalowa, hata mbuzi hapiti kwa wiki sita. Gari la wagonjwa likaenda, likafika korongoni, likageuza.

Glenys alipita njia panda ya Tindara kila asubuhi akienda kwenye barabara za orodha. Alikuwa amejizoesha kutazama upande mwingine.

Jumatatu moja hakuweza. Angani juu ya Tindara kulikuwa na mwewe. Mwewe hufuata greda, kila mtu huko anajua. Kisu kikifukua panya na panzi, wao wapo nyuma wakijilia. Wale walikuwa ishirini na zaidi, wanazunguka na kusogea, wanazunguka na kusogea, kwa mwendo ule ule wa greda linalofanya kazi. Chini yao hapakuwa na kitu. Hata vumbi halikutimka.

Alisimamisha mashine, akashuka. Barabara ilikuwa imechongwa. Mgongo wake umeinuliwa vizuri katikati, changarawe imelala. Akatembea akitafuta alama za magurudumu, maana greda lina matairi sita na kila moja huacha habari zake. Hakuona hata moja. Akaufikia mtaro wa kwanza. Mwisho wake ulikuwa umekunjwa kushoto.

Alirudi ndani ya greda, akafunga mlango, akapiga simu.

"Brody, mmetuma mtu Tindara?"

"Tindara? Hakuna mashine ndani ya kilomita mia mbili isipokuwa yako. Kuna tatizo?"

"Hapana," akasema. "Hakuna tatizo."

Jumanne akaingia kwa gari lake dogo. Kazi ilikuwa imefika kilomita ya tisa. Jumatano, kumi na tatu. Udongo uliogeuzwa ulikuwa bado na ubaridi wa chini. Aliwahi kuzima injini akasikiliza, akasikia muungurumo wa dizeli mbele yake, si mbali, ule wa mashine nzee yenye kikohozi; alipoiwasha yake na kusogea, ukasogea nao. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa maneno gani? Mjini wangesema mama wa watu upweke umemchoma ubongo.

Alhamisi mawingu yalianza kusimama upande wa kaskazini, meusi chini. Maree akampigia simu asubuhi hiyo.

"Una anapumua kama anapanda ngazi, na amekaa tu kitini. Utabiri unasema mvua jioni. Nimejaribu kuomba helikopta, wananiambia kuna foleni. Sijui nifanye nini, dada. Nakwambia tu, nisibaki nayo peke yangu."

Glenys aliliingiza greda lenyewe Tindara, kisu juu. Alipita kilomita za kwanza kama anapita sebule ya mtu. Na kwenye kumi na saba, kazi ilikatika. Haikuishia kama dereva anavyoishia siku, kwa kuinua kisu na kusawazisha. Mkato ulipinda taratibu kutoka katikati ya barabara hadi kwenye uzio, ukakoma hapo. Mwewe walikuwa wametua juu ya nguzo za uzio, kila nguzo mmoja, wote wamemgeukia yeye.

Aliogopa, na kwa mara ya kwanza akaona vizuri kwamba hofu hii si ya Bevan. Bevan hakuwa na lolote la kumfanya. Marehemu alikuwa amefika pale alipofika akiwa hai, na zaidi ya hapo hakuwa na uwezo. Kilomita ishirini na nne zilizobaki zilikuwa za mtu mwenye pumzi, na mtu huyo alikuwa amezipita miaka mitatu akitazama upande mwingine.

"Maree," akasema kwenye simu, "leta gari la wagonjwa. Lije nyuma yangu."

Akashusha kisu.

Hazikupita dakika kumi, Brody akapiga. "Glenys? Nakuona umeshusha kisu nje ya orodha. Ni hitilafu, sivyo? Niambie ni hitilafu niandike hivyo."

Kijana wa watu alikuwa anamtafutia mlango wa kutokea, na Glenys alimshukuru moyoni. "Si hitilafu, Brody. Andika ulichokiona."

"Watakufukuza!"

"Najua."

Alifukia korongo kwa saa moja na nusu, akilishindilia kwa matairi, mpaka gari la wagonjwa likavuka likiyumba. Mwewe wakainuka nguzoni wakamfuata, na nyuma yake safari hii palikuwa na panya kweli. Hakusikia tena ule muungurumo. Saa tisa alasiri akaliona paa la akina Prewett.

Athol alikuwa getini, ameshika kofia. Una alikuwa barazani, amevaa gauni la kwendea mjini, mkoba mapajani.

"Tumekusikia tangu Jumatatu," Athol akasema. "Hapa hapa getini. Kila asubuhi natoka kukufungulia, sioni kitu. Nikamwambia, Una, hakuna mashine. Akanikatalia katakata."

"Mzee huyu kiziwi," Una akasema kwa shida. "Nilimwambia, Glenys hawezi kutuacha, huyo anakuja. Nikavaa viatu kabisa, nisikucheleweshe. Jumatatu hiyo hiyo."

Glenys akatazama chini. Miguu ya Una ilikuwa imevimba ikafurika juu ya viatu, ngozi inang'aa. Siku nne alikuwa hajavivua. Aibu ilimshika Glenys. Angeweza kusema si mimi. Alipiga magoti barazani, akatoa kisu cha kukatia mipira ya mashine, akaanza kukata kamba za viatu, moja baada ya moja.

"Nimechelewa, mama. Nisamehe."

"Taratibu," Una akasema. "Cha kulia usikiharibu. Nitavihitaji siku ya kurudi."

Maree na mwenzake walikuwa wanateremsha machela. Ndani ya greda simu ilikuwa inaita, ikakatika, ikaita tena. Athol alitazama barabara mbichi ilivyonyooka hadi kwenye mawingu.

"Na siku ya kurudi," akamwuliza Glenys, "atatuchongea nani?"