Tundu Lililo Juu ya Barafu

Kazi yangu watu hawaielewi, na siku hizi nimechoka kuieleza. Nimepanga chumba Kilole, na humo napitia vipimo vya setilaiti inayozunguka juu ya Ncha ya Kusini. Inapima gesi zilizo chache mno huko angani, ikiwemo ozoni, ile inayotukinga na ukali wa jua. Majira ya baridi kule jua halichomozi kabisa, lakini gesi zenyewe hutoa joto hafifu, kila moja kwa namna yake, na setilaiti hulinasa. Jua likirudi, klorini itokanayo na kemikali za viwandani huanza kuitafuna ozoni, na hapo ndipo linapotokea lile tundu. Mimi natafuta makosa kwenye hivyo vipimo, basi.

Mama anaishi Handeni na mdogo wangu wa kike. Kila akipiga simu alikuwa na swali moja: "Mwanangu, tundu limeziba?" Wala hakuwa akiihurumia dunia. Mdogo wangu ana ualbino, na kidonda cha sikioni kilikuwa kimegoma kupona. Mwaka huu nilimjibu kwa furaha kwamba tundu limepungua kidogo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Handeni, nikamkuta mama peke yake na goti lake bovu. Kule majirani hulimiana kwa zamu. Usipokwenda kwa wenzako, na kwako hawaji. Mdogo wangu alikuwa amekwenda badala ya mama, mchana wa saa sita.

"Kwenye jua hili, mama?"

"Si ulisema limepungua?"

Nilipandwa na hasira, nikaondoka kumfuata. Shambani nilimkuta mdogo wangu kwenye mstari na wenzake, kichwa wazi, shingo imeiva. Nikamnyang'anya jembe, nikamkalisha kivulini. Huku nalima nikamweleza kwamba tundu hilo liko mbali kabisa, halijawahi kufika Handeni, na jua letu ni kali siku zote.

"Sasa kaka, chini ya hilo tundu anaishi nani?"

"Hakuna mtu. Barafu tupu."

Niliona aibu kwa kuchunga anga la barafu huku yeye akiungua, nikaendelea kulima.

Jumatatu nilimpeleka hospitali. Daktari alilikagua sikio, akasema kidonda kimeingia ndani siku nyingi, sikio litakatwa. Mama alilia. Mdogo wangu aliuliza kama atakuwa amepona zamu ya shamba letu itakapofika.