Nilimpeleka Ng'ombe wa Rafiki Yangu Kwenye Kampeni

Jina langu naomba mniachie mwenyewe, na kijiji pia. Nikisema ni huku Karatu inatosha. Wa huku wakisoma watanijua tu, maana ng'ombe mwenyewe kila mtu anamjua.

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabisa nisije nikajisahau katikati nikaanza kumlaumu diwani peke yake. Hasira ninayo, na mimi hasira ikinipanda huwa naona makosa ya wenzangu tu.

Nina rafiki, Mmasai wa Olbalbal. Niseme vizuri: nilikuwa naye. Mwanangu wa kwanza alipobatizwa, yule bwana alikuja mpaka kwangu kwa miguu akiswaga mtamba, akanikabidhi kamba. "Huyu ni wa mtoto," akasema. Mimi Mmbulu, mkulima wa mahindi na maharage, sikuwa na ng'ombe hata wa dawa. Tangu siku ile hakuniita kwa jina tena. Kwao, watu waliopeana ng'ombe huitana Pakiteng. Yeye akawa Pakiteng, mimi Pakiteng. Hata mke wangu alizoea, simu ikiita anasema, "Pokea, Pakiteng wako huyo."

Halafu ukaja ukame. Kule Olbalbal mifugo ilikuwa inatembea siku nzima kufuata maji, mingine inalala njiani haiamki. Pakiteng akaniletea ng'ombe wake mmoja nimtunzie. Mwekundu, pembe ndefu, ana mimba changa. Jina lake Nanyokie, yaani mwekundu. Mimi nilikuwa na mabua na bomba la maji karibu.

"Mvua ikinyesha nakuja kumchukua," akasema. Hatukuandikishana. Nani anaandikishana na Pakiteng?

Basi, kampeni zikaanza.

Kata yetu ilipata mgombea udiwani, bwana mmoja mwenye magari ya kupeleka watalii kreta. Si mzaliwa wa huku, alikuja na biashara, lakini mchangamfu kweli kweli. Msibani alikuwa anafika kabla ya turubai. Akanifanya meneja wake wa kampeni. Mimi! Akanipa fulana, kofia, na ahadi: akipita, mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Jamani, cheo kitamu hata kabla hujakipata! Nilianza kutembea taratibu, mikono nyuma.

Tatizo lilikuwa mpinzani wake, mzee mfugaji, ambaye kila mkutano alikuwa na neno moja tu: "Huyu bwana hata kuku hana! Atajuaje shida ya mwenye mifugo?" Watu wanaangua kicheko. Mgombea wangu ilimuuma sana.

"Kaka," akaniambia, "nitafutie ng'ombe. Wa kusimama naye tu kwenye mkutano, watu wapige picha. Tukimaliza unarudi naye nyumbani."

Yule mtamba wa ubatizo alishakufa, akaniachia madume wawili tu wa kulimia, wamekonda, mbavu unaziona. Ukimsimamisha mmoja wao pale watu wangedhani tumeleta ushahidi wa njaa. Nanyokie alikuwa amenawiri, mimba imeshakua, ngozi inang'aa. Sikumpigia simu Pakiteng kumuomba. Nilijiambia, saa mbili tu, kuna ubaya gani?

Hapo ndipo nilipoharibu. Mengine yote yalifuata tu.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule ya msingi. Nimesimama mbele ya watu nimeshika kamba, nimevaa kofia. Mgombea akampapasa Nanyokie mgongoni kwa woga, kama mtu anayegusa pasi kujua kama imepata moto.

"Wanasema sina mifugo!" akapaza sauti. "Huyu ni nani?"

"Ng'ombeee!" watu wakajibu.

"Na ana nini tumboni?"

"Ndamaaa!"

"Basi sikilizeni! Mimi sifugi kwa ajili ya tumbo langu. Ng'ombe huyu, na ndama wake, kuanzia leo nawakabidhi shule yetu! Watoto wanywe maziwa!"

Mungu wangu! Vigelegele! Akanipokonya kamba mkononi akampa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akacheza. Kina mama wakamvisha ng'ombe kitenge. Mimi nilibaki nimekunja vidole kama bado nimeshika kamba.

Mnajua nilifanya nini baada ya hapo? Nilipiga makofi. Mikono hii hii inayoandika! Watu wote walikuwa wananitazama, na mimi ndiye meneja.

Jioni nikamfuata mgombea. "Mheshimiwa, yule si wangu, wala si wako."

"Kaka, tulia," akasema, amenishika bega. "Ukifungua mdomo sasa tumeanguka wote wawili. Nikipita nakuletea wawili badala ya mmoja." Nikatulia. Hilo ni kosa la pili, liandikeni.

Akapita. Simu yangu ikawa haipokelewi. Nilipomvizia nje ya ofisi ya kata alinitazama kama mtalii aliyepotea njia. "Ng'ombe gani, mzee wangu? Soma muhtasari wa kikao." Kweli muhtasari upo, una mhuri: mheshimiwa diwani ametoa ng'ombe mmoja jike kwa shule. Kamati ya maji akampa shemeji yake.

Nikaenda kwa mtendaji wa kata. Akasikiliza vizuri, akaniuliza, "Una risiti ya kumnunua?" Nikamwambia ni wa kutunziwa na rafiki. "Basi rafiki aandike barua, ipite kamati ya shule, ije kamati ya maendeleo ya kata, iende halmashauri. Yule sasa ni mali ya umma." Nilipopita shuleni nikakuta wameshamwandika namba ubavuni kwa rangi nyeupe, kama wanavyoandika madawati.

Halmashauri nako wakaletewa habari. Nasikia madiwani walibishana kikao kizima kama ng'ombe ahesabiwe kama samani au kama mradi. Wakaunda timu ya kuja kumkagua. Wakaja na gari mbili, wakamzunguka, wakaandika, wakanywa chai ya maziwa yake, maana alikuwa ameshazaa, wakaondoka wakisema mradi ni endelevu. Wanafunzi nao ndama wamempa jina: Mheshimiwa. Ukipita asubuhi unasikia, "Mheshimiwa, acha kula daftari!"

Na mimi nilipewa cheo, msidhani nilitoka kapa. Niliteuliwa mjumbe wa kamati ya ng'ombe wa shule. Nilikataa? Sikukataa! Na ile chai niliinywa.

Halafu mvua ikanyesha.

Pakiteng alinipigia kwamba anakuja. Ningeweza kumwambia ukweli kwenye simu ile ile. Nilikuwa na siku tatu. Badala yake nilimwambia Nanyokie amekufa kwa kuvimba tumbo. Akasema, "Pole sana, Pakiteng. Nakuja kuona ngozi."

Hiyo ndiyo desturi. Ng'ombe wa watu akifia kwako, unatunza ngozi, mwenyewe aje aione. Nikakimbia machinjioni nikanunua ngozi nyekundu. Aibu gani hii jamani! Mtu mzima nachagua ngozi kama mtu anayechagua shati.

Alipofika aliitandaza chini uani, akapiga magoti, akaipitishia kiganja taratibu. Kisha akauliza, "Masikio iko wapi?"

Ng'ombe zake zote zina alama ya kukatwa sikio la kushoto. Nilijua hilo. Machinjioni walikuwa wamekata masikio zamani.

"Mbwa walikula," nikasema.

Hakubisha. Akaikunja ngozi, akaibeba begani, akakubali chai. Akamwambia mke wangu asisikitike, ng'ombe hufa. Akaniambia kwao kuna mtamba mwingine, mvua zikiendelea ataniletea kwa sababu na mimi nimepata hasara ya kutunza. Mke wangu akaingia ndani na hakutoka tena. Mimi niliendelea kukaa pale na kikombe changu.

Mgeni husindikizwa. Nilijaribu kumpitisha njia ya juu, akasema ya chini ni fupi. Ya chini inapita shuleni. Nilikuwa nazungumza haraka haraka, kuhusu bei ya maharage, kuhusu chochote. Yeye alicheka kwa sauti jambo fulani nililosema, na ng'ombe mmoja ndani ya ua akanyanyua kichwa.

Alikuja mbio. Namba ubavuni, sikio la kushoto limekatwa, ndama nyuma. Akaweka pua juu ya miti ya ua, kwenye mkono wa mwenyewe.

Pakiteng alimkuna katikati ya pembe, akamtazama ndama. Mwalimu mkuu akatuona kutoka ofisini, akaja anatabasamu. "Karibu mjumbe! Umeleta mgeni aone mradi wetu? Huyu alitolewa na mheshimiwa diwani!"

Pakiteng akanigeukia. "Watoto wanakunywa maziwa?"

"Wanakunywa," nikajibu.

"Ungeniambia," akasema. "Ungeniambia watoto wanataka maziwa, ningewapa mimi mwenyewe."

Akaitoa ile ngozi begani, akaitundika juu ya ua mbele yangu. Mwalimu mkuu alikuwa bado anatabasamu, hajui atazame wapi. Mimi nilitaka kusema diwani amenidanganya, nilitaka kusema nilimvizia nje ya ofisi, nilikwenda kwa mtendaji. Yote ni kweli. Lakini diwani hakunituma machinjioni.

Nimempigia simu mara nyingi. Inaita, haipokelewi, na sasa najua diwani alivyokuwa ananisikia nikimpigia. Shuleni kila mtu bado anamshukuru mheshimiwa, na kikao cha kamati kikifika kwenye ng'ombe natazama dirishani. Sijasimama kusema ni wa nani. Nimeandika hapa, nikificha jina, kwa sababu pale sijaweza.

Ndugu msomaji, mwanasiasa akikuomba ng'ombe wa kupiga naye picha, mpe wako. Kama huna, mwambie huna. Na ukishakosea, mwambie mwenye mali siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kutafuta ngozi. Mimi nilidhani nimesalitiwa, na nimesalitiwa kweli, lakini ukiniuliza nani aliniuma zaidi nitakuambia ni mtu aliyeniaga kwa adabu.

Maana siku ile aliniaga. Alinipa mkono kabisa, pale kwenye ua wa shule.

"Haya, mjumbe," akasema. "Baki salama."