Ufuta wa Lamunu Shambani kwa Eseza

Huko Kitswamba, ukimkosa Eseza nyumbani, mtafute kwenye kahawa. Ukimkosa huko pia, basi ni Ijumaa, na yuko sokoni Bwera akiwauzia Wakongomani maharage na kuwatania. Kukaa hajui. Kukataa hajui vilevile. Ndiyo maana Lamunu, mke wa askari wa kambini, mzaliwa wa Gulu, alipoomba pembe ya shamba apande ufuta wa kwao, yaani simsim, aliipata siku hiyohiyo.

Ufuta ulikuwa umekwisha kubeba maganda Lamunu alipoitwa kwao msibani.

"Mama Nzanzu, nitunzie simsim yangu," alimwambia Eseza. "Mbegu yangu yote iko pale. Ikipotea sina nyingine."

"Nenda na amani. Hata ndege hataigusa."

Eseza akaulinda kama mtoto mchanga. Lakini yeye ni mtu wa maharage, na maharage huachwa shambani mpaka yakauke kabisa. Akaungoja ufuta nao ukauke. Alipokata shina la kwanza, mbegu zikammwagikia miguuni. Maganda yalikuwa yameshafunguka yenyewe juani.

Akaketi palepale, mikono kichwani. Kisha akaleta turubai la kahawa, akazoa mbegu pamoja na udongo, akapepeta hadi jioni. Akapata bakuli moja, nusu yake mchanga.

Lamunu aliporudi, Eseza hakwenda kumpa pole. Mtu mzima, akawa anajificha kwenye migomba yake mwenyewe. Lamunu akamfuata hukohuko.

"Mama Nzanzu, nimekukosea nini?"

Eseza akamwonyesha bakuli. Lamunu akachungulia, akashika kiuno.

"Uliiacha ikauke shambani? Simsim inakatwa ingali na ubichi! Kwetu ungekuwa mke wa mtu, ungerudishwa kwa mama yako."

"Nirudishe tu."

"Nikurudishe vipi? Mimi si nilikuvunia kahawa ya kijani, haijaiva, gunia zima, na bado ukanipa chakula?"

"Kahawa ile niliililia, dada."

"Na hukusema!"

"Ningesema, ungeacha kuja."

Lamunu akacheka mpaka akafuta machozi. Hakuwa amecheka tangu mazishi. Wakatenga mbegu za kupanda. Zilizobaki wakazikaanga, wakazisaga, wakala na bundu, ugali wa muhogo. Mchanga ukalia menoni.

"Tafuna polepole, mama afande," Eseza akasema. "Hilo unalokula ni shamba langu."