Kompyuta Iliyofichwa Tarehe

Kila asubuhi, kabla ya chai, Bi Ezzat aliidanganya kompyuta yake. Aliiwasha, akaenda moja kwa moja kwenye saa, akairudisha mpaka mwaka 1388 wa kalenda yetu ya Iran, miaka mingi nyuma, kisha akaitazama tarehe mara ya pili na ya tatu kama mtu anayekagua gesi kabla ya kulala. Hapo ndipo alipofungua programu ya kuchorea mazulia. Ukimsemesha katikati ya shughuli hiyo alikuinulia kiganja, nawe unanyamaza. Mimi nilinyamaza miaka na miaka, maana tulifanya kazi chumba kimoja nyumbani kwake, mjini Kashan, yeye akichora, mimi nikimchagulia rangi za nyuzi.

Nisimfanye malaika kwa kuwa ni rafiki yangu. Ezzat alikuwa mkaidi, mchoyo wa maneno, na tango lake la saa nne hakumgawia mtu bila kulikata kwanza vipande viwili visivyolingana. Lakini kwa kuchora, jamani, mumewe Rahmat peke yake ndiye aliyemzidi, na hilo alilisema mwenyewe bila wivu.

Rahmat ndiye aliyeinunua programu ile, zamani, kutoka kampuni moja ndogo ya Tehran. Ilikuja na kibali cha kutumia chenye siku ya mwisho. Siku ya mwisho ilipokaribia, Rahmat akapiga simu aongezewe muda. Hakuna aliyepokea. Kampuni ilikuwa imekufa, mwenyewe kahamia ng'ambo, na ofisi yake inauza mapazia. Bwana Jalil, fundi wetu wa kompyuta, akaichunguza programu akagundua udhaifu wake. Saa ikirudi nyuma, haijali. Inachojali ni kitu kimoja: ikiona, hata mara moja tu, kwamba siku ya mwisho imepita, inakifuta kibali chake papo hapo na haifunguki tena. Na michoro iliyohifadhiwa ndani yake haisomwi na programu nyingine yoyote duniani. Unaweza kuinakili mahali kumi ukitaka. Utakuwa na nakala kumi za kitu kisichofunguka.

Kwa hiyo kompyuta ile ikafichwa tarehe. Rahmat aliifichia mpaka moyo wake uliposimama, na Ezzat akarithi kazi hiyo pamoja na kiti chake.

Sasa sikiliza kilichokuwamo ndani. Mazulia mengi unachora robo tu, robo tatu zilizobaki ni kugeuza na kupindua. Mchoro wa mwisho wa Rahmat haukuwa hivyo. Ulikuwa bustani isiyojirudia, kila mti na umbo lake, kila ndege anatazama kwake, mto unaingia pembe moja na kutokea pembe nyingine. Aliumaliza majira ya baridi, akafa kabla ya Nowruz, mwaka mpya wetu. Ezzat akampa Kowkab, mfumaji wetu wa mji mdogo wa Niasar, aufume. Alimpa kwa karatasi, moja moja, kila moja kipande cha mchoro. Ukimaliza hii, nipigie, nakuchapishia inayofuata. Ndivyo tunavyofanya sisi wachoraji, hasa tuliowahi kuibiwa. Mchoro mmoja wa Rahmat uliwahi kutokea kwenye duka la mazulia ya mashine kabla mfumaji hajaliteremsha zulia kwenye kitanda chake cha kufumia.

"Chapisha yote, uifungie kabatini," nilimwambia, si mara moja.

"Karatasi ina miguu, Mahlagha."

"Na kompyuta ikifa je?"

"Usiitabirie."

Ilikuwa tayari inakufa. Kiangazi kile umeme ulikatwa karibu kila mchana, na kila uliporudi diski ya mashine ilitoa sauti ya ukucha unaokwaruza mlango. Mwanzoni ilikwaruza kidogo kisha ikatulia. Baadaye ikawa inakwaruza tukiwa tunafanya kazi. Nililichukia lile sanduku. Nilikuwa nikiingia asubuhi nalitazama kabla sijamwamkia mwenye nyumba.

Bustani ilikuwa nusu kitandani kwa Kowkab, na nusu ndani ya sanduku lile.

Ijumaa moja Farhang, mkwe wa Ezzat, alikuja na mkewe, binti wa Ezzat, kula chakula cha mchana, akaisikia ile sauti. Farhang anafundisha kompyuta chuo cha ufundi. Kijana mtaratibu, msafi, mkarimu mpaka anachosha, mtu wa kukuoshea gari lako bila kuombwa. Aliweka kijiko chini.

"Mama, hiyo mashine inakata roho. Na bado unatumia Windows ya zamani namna hii? Mfumo huu hata waliouunda wameshausahau."

Kwa bahati mbaya Bwana Jalil naye alikuwepo, amekuja kubadilisha feni. Wawili hao ukiwaweka chumba kimoja, chai inapoa.

"Mwekee mpya, basi," akasema Jalil. "Windows mpya ninayo. Namwekea leo hii kwa bei ya kilo ya pistachio."

"Ya kuvunja kufuli."

"Sasa ya halali utaipata wapi, mwalimu? Hata uwe na mshahara wa mwaka mzima mkononi, sisi wa nchi ya vikwazo hawatuuzii. Nchi nzima inatumia ya kuvunja, pamoja na chuo chako."

"Chuoni kwetu tunatumia Linux. Ni bure, ni halali, haimwibii mtu. Mashine zetu hazijaganda tangu Nowruz. Hizo zako unazovunja kufuli unaacha mlango wazi, anaingia kila mwizi, halafu mteja anarudi kila mwezi kulia kwako. Au ndiyo biashara yenyewe?"

"Bibi Mahlagha, umesikia? Naitwa mwizi mbele ya wali!"

"Kula wali wako," nikamwambia.

Jalil akamgeukia tena Farhang. "Sawa. Linux ni bure, Linux haigandi, Linux inasali swala tano. Programu ya zulia itaiendesha?"

"Kuna njia. Unaifanya Linux ijifanye Windows."

"Ijifanye! Nilijaribu hiyo kwa mchoraji mmoja wa mtaa wa Fin. Ikafunguka, nikashangilia. Rangi nyekundu yote ikawa zambarau. Halafu ikaanza kutafuta kibali, ikakikosa, ikajifunga. Yule bwana mpaka leo hanisalimii. Na hata hiyo mpya yangu, nasema ukweli mbele ya Mungu, programu hii haiipokei. Ni ya zamani mno. Halafu mifumo mipya yote, yako na yangu, ikinusa tu mtandao inajirekebishia..."

Hapo Ezzat akamkata jicho. Jalil akaingiza mkate mdomoni.

Alitaka kusema tarehe. Mfumo mpya ukiunganishwa na mtandao unajirekebishia tarehe wenyewe. Ezzat hakutaka mkwewe ajue habari ya tarehe. Mwanamke mzima, mwenye jina mjini, aseme mbele ya mwalimu aliyetoka kuhubiri uhalali mezani kwamba kila asubuhi anaiba kibali kwa kuirudisha saa? Aliona haya. Haya mbele ya mkwe kwetu ni ugonjwa usio na dawa.

"Yangu mimi ni kizee," akasema Ezzat, "lakini hainigharimu kitu, inafungua michoro yangu, na haijawahi kuniangusha. Mtaniambia nini zaidi?"

"Haijakuangusha bado," akasema Farhang kwa upole. "Niachie mimi, Mama. Nitakuletea mashine nzuri, nihamishe kila kitu, nikusafishie na hii ya zamani."

"Usijisumbue, mwanangu."

"Si usumbufu, ni heshima kwangu."

"Una kazi zako. Acha kabisa."

"Kazi gani inayonishinda kwa ajili yako?"

"Farhang, sisemi kwa adabu. Nasema kweli. Usiiguse."

Akacheka, akaweka mkono kifuani. "Na mimi nasema kweli."

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo palipoharibika. Kwetu mtu hakubali jambo mara ya kwanza. Ukimkaribisha anakataa, ukisisitiza anakataa, ukimshika mkono ndipo anaingia. Na hayo maneno "sisemi kwa adabu" nayo ni sehemu ya adabu; kila mtu huyasema, na kila anayeambiwa huyapuuza. Mkwe anayeacha kusisitiza baada ya kukataliwa mara tatu ni mkwe mbaya, watu watamsema. Farhang hakuwa mkwe mbaya. Angekuwa mtovu wa adabu kidogo tu, tungepona.

Nilipobaki na Ezzat jikoni nilimwambia, "Mwambie habari ya tarehe. Leo. Kabla hawajaondoka."

"Nimeshamwambia asiiguse."

"Umemwambia kama anavyoambiwa kila mkwe."

Akafunga bomba, akapangusa mikono. "Nitamwambia." Bintiye akaingia na sinia la matunda, mazungumzo yakageuka, wakaaga, wakaenda. Hakumwambia.

Juma lile mashine ilikwaruza kuliko siku zote. Kowkab alipiga simu mara moja kusema anakaribia kumaliza karatasi aliyonayo, amefika pale mto unapokunja. Ezzat akamjibu kwamba inayofuata ataichapisha Jumamosi, wino umemwishia. Nilimwomba tukanunue wino siku ileile. Akaniambia joto kali, Jumamosi si mbali.

Alhamisi alasiri tulikwenda makaburini kwa Rahmat, mimi, Ezzat na bintiye, kama kila Alhamisi. Tuliliosha kaburi kwa maji ya waridi, tukagawa tende. Binti alikuwa na furaha isiyoendana na mahali pale, anaitazama simu yake kila mara, anatabasamu. Nilimwona.

"Mumeo yuko wapi leo?" nikamuuliza.

"Ah, mama mdogo Mahlagha, usiniharibie. Ni zawadi."

Ezzat alikuwa ameinama juu ya jiwe. Aliinuka polepole, mkono umejaa maji. "Zawadi gani?"

"Mama, bwana! Nilimpa ufunguo tu."

Njiani Ezzat alimwambia dereva wa teksi aongeze mwendo, yeye ambaye siku zote huwagombeza wanaokimbiza. Mimi nilikuwa naomba umeme uwe umekatika. Naapa sijawahi kuuombea umeme ukatike maishani mwangu isipokuwa siku ile. Tulipoingia uchochoroni nikasikia kipoza hewa cha jirani kinanguruma, nikajua upo.

Farhang alitufungulia mlango mwenyewe, mikono ya shati kaikunja, kajaa vumbi mpaka nyusi. Mezani kulikuwa na kompyuta mpya, nyembamba, nyeusi, imefungwa utepe. Pembeni ile ya zamani ilikuwa inawaka, ganda lake limefutwa likang'aa. Hata ile sauti ilikuwa imepungua.

"Kaa, Mama, kaa kwanza upumue. Hii mpya nimekuwekea Linux, utaizoea taratibu. Hiyo ya zamani sikuitupa, najua unaipenda. Nimeifuta vumbi, nimenakili michoro yote mahali pawili. Hakuna kilichopotea. Na unajua nini, hata saa yake ilikuwa imepotea! Mwaka 1388, hebu fikiria! Nikairekebisha. Halafu nikafungua programu yako kuhakikisha sijaharibu kitu. Inauliza namba fulani tu ya kibali. Unayo wapi, tuiandike, tumalize?"

Binti alipiga makofi.

Ezzat alikwenda akasimama mbele ya kioo cha mashine. Pale palipokuwa na bustani palikuwa na kisanduku cha kijivu, na nafasi tupu ya kuandika namba ambayo hakuna mtu aliye hai wa kuitoa. Alisoma muda mrefu, ingawa maneno yenyewe yalikuwa mafupi. Nilingoja apige kelele. Nilitaka apige kelele. Kama angeanza, mimi ningeendeleza.

"Mkono wako usiume, mwanangu," akasema, ndiyo ahsante yetu. "Umejitaabisha sana."

"Si kitu, Mama."

"Mahlagha, mletee chai. Mtilie sukari ya nabati, kachoka."

Nikaenda jikoni nikalia kwa hasira, nikamtilia nabati.

Bwana Jalil alikuja siku ya pili, akairudisha saa, akafanya hili na lile, akajaribu ile nakala ya Farhang na ile nyingine. Hakumlaumu mtu. Alifunga mkoba wake wa bisibisi akasema, "Imeshaona, Bi Ezzat," akaondoka bila kungoja chai. Farhang hajaambiwa mpaka leo. Ezzat alisema namba imepotea, si neno, ataitafuta. Kijana bado huuliza kila anapokuja kama mashine mpya inamfaa, naye humwambia inamfaa sana.

Jumamosi simu ililia. Ilikuwa Kowkab. Sauti yake ilisikika mpaka nilipokaa.

"Bi Ezzat, nimemaliza. Mto ushakunja, nimebakiza ndege mmoja hana kichwa, kichwa kiko karatasi inayofuata. Unanitumia leo?"

Ezzat alikuwa amekaa kwenye kiti cha Rahmat na penseli mkononi. Alikuwa amejaribu tangu alfajiri kukikumbuka kichwa kile. Karatasi zilikuwa zimejaa meza na sakafu, kila moja ina ndege anayetazama upande tofauti.

"Kowkab," akasema, "anza pindo la mwisho."

"Pindo? Bibi, tuko katikati!"

"Najua tulipo. Mfumue ndege, mahali pake weka rangi tupu ya ardhi ya zulia, kisha ufume pindo."