Sebule ya Thornton Heath

Fleti tuliyoenda kuitazama Stanmore, London, ilikuwa na jimu, lifti na ukumbi wa wakazi wote. Ada ya matunzo ya kila mwezi ilikuwa kubwa, ila mimi nilishaipenda. Mke wangu akamuuliza dalali, "Tukipata msiba, watu wanaweza kulala humu ukumbini?" Dalali akasema ukumbi hufungwa jioni, na kupika ni marufuku.

"Tulipe hela yote hiyo, halafu tukalilie wafu wetu barabarani?" akaniambia, akatoka.

Nilinuna njia nzima. Nani hununua nyumba kwa kuwaza msiba?

Tukanunua Thornton Heath, fleti kuukuu isiyo na lifti wala jimu, yenye sebule pana. Mwaka huu sebule hiyo ilijaa watu waliokuja kumlilia yeye. Wote walienea.